Mtambuka

Kutambuka ni kuinua mguu na kuvuka kilicho mbele yako: gogo, mfereji, kizingiti. Ofisini neno hili limechoshwa. "Masuala mtambuka" yamekuwa sura ya mwisho ya ripoti, zinakorundikwa habari za UKIMWI, jinsia na mazingira, na wasomaji wengi hawafiki huko.

Vyuo vikuu vinalirudishia nguvu vinaposema "utafiti mtambuka", yaani unaovuka mipaka ya taaluma, nami nafurahi. Chukua homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa na wanasayansi Kenya mwaka 1931, ikazuka tena huko na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Mvua kubwa hutuamisha maji mbugani. Mayai ya mbu yaliyolala udongoni yanaanguliwa, mengine yakiwa na virusi tayari. Kondoo wanatupa mimba, karibu zizi zima. Kisha aliyewazalisha, au aliyechinja mnyama mgonjwa, naye anashikwa na homa. Mfugaji ndiye huona mwanzo, daktari wa binadamu huletewa mwisho, na mtaalamu wa hali ya hewa angeweza kuwatahadharisha wote wawili mapema.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kupitia kituo chake cha SACIDS, kinawaunganisha wataalamu wa mifugo na wa binadamu kwa jina zuri la Afya Moja. Hapo "mtambuka" limepata haki yake. Ningependa tulitunze kwa kazi za namna hiyo, ambamo daktari wa hospitali ameingia zizini na mfugaji ameulizwa kabla ya mvua.