Mgeni Mjini Kwake

Kiswahili kimeweka mpaka baina ya mgeni na mwenyeji. Mgeni hukirimiwa siku mbili, na ya tatu akapewa jembe. Mwenyeji siku zake hazihesabiwi. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, umezuka mtindo unaouvuruga mpaka huo. Mtu hufunga mkoba wake, akapita mitaa miwili mitatu, akaingia hoteli ya fahari katika mji ule ule aliozaliwa, akalala humo usiku mmoja kama msafiri, na asubuhi akarejea kwake. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege duniani, hoteli za nchi nyingi ziliwageukia wenyeji, na mtindo huo ukapata nguvu.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa hoteli nyingi za mji huo hazikujengwa ziwe hoteli. Zilikuwa majumba ya watu. Basi mwenyeji anayelala humo kwa malipo analala nyumbani kwa nani? Na ni nani aliyeigharimia dari iliyo juu ya kichwa chake?

Tuanze Shangani. Hapo limesimama jumba la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19, ambalo jina lake peke yake ni majivuno: mambo haya msijaribu kuyaiga. Husimuliwa kwamba chokaa ya kuta zake ilichanganywa na mayai kwa maelfu. Jumba hilo likaja kuwa ofisi za serikali, na tangu mwaka 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Jirani yake ni Serena, iliyofunguliwa mwaka 1997 katika jengo la zamani la kampuni ya simu za maandishi, ambayo waya wake wa chini ya bahari uliifikia Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Ufukweni, kuelekea Forodhani, ipo hoteli ya Tembo, katika nyumba iliyokuwa ya ubalozi mdogo wa Marekani katika karne ya 19.

Jina hilo la Tembo linafaa kuliko wengi wanavyodhani. Wamarekani walitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan mwaka 1833, na miongoni mwa walivyovifuata ni pembe za ndovu, ambazo kwao zilichongwa vitana na vibonyezo vya piano. Walilipa kwa nguo nyeupe ya pamba ambayo hadi leo Waswahili huiita merikani. Karafuu za Unguja na Pemba zilijenga, watumwa waliouzwa na kutumikishwa walijenga, lakini sehemu kubwa ya fahari ya mji huu ilifika begani mwa watu, ikiwa pembe, kutoka bara ya mbali.

Mojawapo ya nchi hizo za bara ni Usumbwa, kaskazini-magharibi ya Tabora. Mji wa Runzewe umo katika nchi hiyo, wilayani Bukombe, wilaya iliyokuwa ya mkoa wa Shinyanga mpaka ulipoundwa mkoa wa Geita mwaka 2012. Wasumbwa walikuwa wasafiri kabla ya Mwarabu au Mzungu kufika kwao. Walikwenda magharibi hadi Katanga kufuata shaba, na mmoja wao, Msiri mwana wa Kalasa, alibaki huko akajitwalia dola kubwa yenye makao yake Bunkeya, mpaka alipouawa tarehe 20 Disemba 1891. Msafara uliomfikia na kumuua ulitumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lakini ulikuwa umejaa wapagazi na askari walioajiriwa Zanzibar. Hivyo nyuzi za Usumbwa na za kisiwa zilikwishafungamana, kwa kheri na kwa shari.

Mashariki, Wasumbwa na ndugu zao Wanyamwezi walishuka pwani kwa misafara. Wapo wanaodhani kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa, sivyo. Wengi katika watu hao walikuwa huru, wakipatana ujira na kulipwa kwa nguo, na walijua kugoma na kutua mizigo njiani mapatano yalipovunjwa. Kijana ambaye hajaiona pwani alidharauliwa kwao. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa safari ya miezi miwili au mitatu, na mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili. Pembe kubwa walipewa wenye nguvu na sifa, nao wakizifunga kengele nchani, ili msafara usikike kabla haujaonekana. Usiku walilala katika vibanda vya nyasi ndani ya ua wa miiba, na asubuhi kirangozi akatangulia tena.

Wengi wao safari yao iliishia Bagamoyo. Pembe zikavuka kwa mashua, zikapimwa forodhani, zikauzwa. Mpagazi akapokea merikani yake akarudi bara. Nyumba ambayo mzigo wake ulisaidia kuijenga hakuiona, sembuse kulala ndani yake.

Runzewe ya leo bado ni mji wa njia. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita hapo, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Bwanga. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huingia na kutoka, na kando ya barabara zipo nyumba ndogo zilizoandikwa ukutani maneno yanayojulikana Tanzania nzima: nyumba ya kulala wageni. Hapo neno mgeni lina maana yake ya asili: dereva aliyechoka, mchuuzi aliyekosa gari, mchimbaji anayengoja bahati. Hakuna anayelala hapo ili aonje ukale. Na dhahabu ya leo hufanya kama pembe ya jana: huondoka hapo, na jumba la fahari likainuka mahali pengine.

Haifai, lakini, kuzilaumu hoteli kwa pupa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitaifishwa, wenyewe wakatawanyika, na mvua zikafanya kazi yake. Mamlaka ya kuhifadhi mji huo ilianzishwa mwaka 1985, na UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo, cheti hakizibi nyufa. Tarehe 25 Disemba 2020, Bait al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja na watu wawili wakafa. Nyumba isiyokaliwa hufa. Hoteli imezipa baadhi ya nyumba hizi paa, chokaa na boriti mpya, na huo ni wema usiokanika.

Lakini wema huo una bei, nayo haikuanza leo. Mwaka 1885 Salma binti Said, aliyekuwa ametoroka Zanzibar mwaka 1866, akaishia Ulaya na kuitwa Emily Ruete, alirejea kuutazama mji wa baba yake. Alifika kwa meli za Wajerumani, na nduguye Barghash hakukubali kumpokea. Majumba aliyoyajua chumba kwa chumba aliyatazama kwa nje. Alikuwa mgeni mjini kwake bila ya kutaka. Mkaazi wa leo anayelipa ili apande ngazi za nyumba ambayo bibi yake aliipita kila siku bila kukaribishwa amekaribia hali hiyo, ila yeye mlango hufunguliwa kwa fedha.

Na anapofunguliwa, husimuliwa nini? Aghalabu husimuliwa masultani, mabinti wao, mabalozi na wapelelezi wa Kizungu. Picha zao hutundikwa ukutani. Wapagazi hawatajwi. Si lazima iwe hivyo. Kibao kimoja katika ukumbi, chenye jina la Usumbwa na habari ya njia ya pembe, hakitapunguza fahari ya jumba lolote. Kitamwambia mwenyeji aliyelala humo usiku mmoja kwamba yeye si mgeni peke yake katika nyumba hii. Na iwapo kijana anayempokea mkoba mlangoni ametoka bara, kama ilivyo kwa wengi wafanyao kazi hiyo, basi kitamwambia pia kwamba mzigo wa watu wake ulitangulia kufika hapa, zamani sana kabla yake.