Siku ya Tatu Mpe Jembe: Historia Fupi ya Wageni wa Songwe

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unaishi Songwe, jibu lake huwa moja: "Ahaa, Tunduma!" Kwa wengi mkoa huu ni geti tu la kuingilia Zambia: foleni ya maroli, wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha, gesti na fremu za maduka. Mimi niko upande wa mashamba, Mbozi, mwaka wa sita sasa, na nina ekari tatu za kahawa. Kwa hiyo swali ninalouliza hapa lina hela yangu ndani yake. Waliokuja hapa kabla yangu na mitaji na mipango yao, walimkuta nani, na waliacha nini?

Tuanze na wenyeji, maana historia nyingi za uwekezaji huwa zinawaruka. Mbozi ni nchi ya Wanyiha. Kuelekea mpakani na ng'ambo yake wako Wanyamwanga, kusini milimani Ileje wako Wandali, Walambya na Wamalila. Wanyiha walikuwa wafua chuma wa kuheshimika. Walijenga matanuri, wakayeyusha mawe, wakatoa majembe. Na kule Ndolezi kipo kimondo, donge kubwa la chuma lililotoka angani. Vitabu vinasema "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi mmoja kutoka Johannesburg. Wenyeji walikuwa wanakifahamu zamani, ila hakuna aliyewauliza. Neno hilo "kugundua" lishike vizuri, msomaji, kwa sababu ndilo limekuwa likifungua mlango kwa kila mgeni wa huku.

Mgeni wa kwanza mwenye mtaji mkubwa alikuwa barabara. Mwaka 1881 James Stevenson, mfanyabiashara wa Scotland na mkurugenzi wa kampuni ya African Lakes, alijitolea kugharamia njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kazi haikukamilika kama ilivyokusudiwa. Pamoja na hayo, njia hiyo ya nusunusu ilichora ramani. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, mpaka ulipitishwa ili Barabara ya Stevenson ibaki upande wa Waingereza. Wanyamwanga wakajikuta ndugu wako nchi mbili. Hata leo, pale Tunduma na Nakonde hakuna mto wala mlima wa kukuonyesha ulipovukia. Mpaka ule haukufuata lugha wala ukoo. Ulifuata njia ya biashara.

Na mpaka ukishachorwa, vita havikosi. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka na jeshi lake na kuishambulia Fife, kituo cha Waingereza jirani na Tunduma, kisha akaelekea Kasama. Tarehe 25 mwezi huohuo alisalimu amri Abercorn, mji tunaouita Mbala leo. Vitabu vinamsifu kwa ujanja wa vita. Sisi tunaolima hapa tunajiuliza jambo dogo zaidi: jeshi lile lilikula nini? Lilikula maghala ya watu. Mahindi, ulezi na ng'ombe wa wanakijiji ndiyo mtaji uliolipia ujanja ule.

Kahawa nayo ilikuja na wageni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye wakafungua misheni Mbozi. Baada ya Vita vya Kwanza, Waingereza wakiwa watawala, walowezi wa Kizungu, Wajerumani wakiwamo, walichukua mashamba Mbozi na kupanda kahawa aina ya arabika. Wanyiha wakawa vibarua kwenye nchi yao wenyewe. Kaskazini, dhahabu ya Lupa ilikuwa imeanza kuvuta maelfu ya watu, na wachimbaji wanahitaji kula, kwa hiyo chakula kutoka mashamba ya huku kilipata soko. Vita vya Pili vilipoanza, mali za Wajerumani Tanganyika zikashikiliwa na serikali, na walowezi wengi wakaondoka mmoja mmoja. Waliobaki na kahawa ni wale waliokuwa wakilipwa kuipalilia. Kijana aliyejifunza kupogolea kwenye shamba la mlowezi alirudi kwake akapanda miche yake. Leo kahawa ya Mbozi ni ya wakulima wadogo kwa sehemu kubwa, na pale Mbimba kuna kituo cha utafiti cha TaCRI kinachohangaika na maadui wetu wawili, chulebuni na kutu ya majani.

Kisha ikaja miaka ambayo wazee wa huku wanaisimulia kwa mshangao mpaka leo. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia ikabanwa: shaba yake itapita wapi? Jibu lilipita hapa. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilifunguliwa mwaka 1968. Barabara kuu ikajengwa upya kwa lami. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya reli, ujenzi ukaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi yalikuwa yameukataa mradi huo kwa hoja kwamba haulipi. Pengine kwa hesabu ya daftari walikuwa na pointi. Ila nenda Tunduma leo uhesabu nyumba. Sensa ya 2012 ilikuta mjini humo watu wasiofika 100,000. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 200,000. Ndani ya miaka hiyo kumi Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 ikawa mkoa, makao makuu yakawekwa Vwawa, na Oktoba 2019 marais Magufuli na Lungu wakazindua kituo cha pamoja cha forodha.

Wakati reli inajengwa, vijijini kulikuwa na ujenzi mwingine. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Operesheni Vijiji ilileta shule, zahanati na visima karibu na watu. Pia iliwatoa watu kwenye mahame yao, wakaacha makaburi ya babu na migomba iliyozaa. Hapo ndipo matatizo mengi ya ardhi ya leo yalipoanzia. Mtu alipewa eneo ambalo jana lilikuwa la mwenzake, na mwenzake akapewa la mwingine. Ukinunua shamba leo bila kujua hadithi hiyo, umenunua kesi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilijaribu kutuliza hali. Inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Yaani siyo mwenyekiti peke yake, siyo mtendaji peke yake, na siyo dalali wa mjini mwenye picha kwenye simu. Lazima usimame mbele ya watu.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kueleza umbali kati ya mche na mche, na miaka mitatu ya kusubiri mavuno ya kwanza. Hakuna aliyeuliza hayo, wanayajua kuliko mimi. Mzee mmoja aliinuka, akavua kofia, akaniuliza, "Kijana, utakaa, au utatuma mtu?" Mama mmoja akaongeza, "Na tukifiwa, tutakuona?" Hayo ndiyo yalikuwa maswali mawili tu. Nilijibu kwamba nitakaa, na nikakaa.

Tangu hapo, kila nikisoma habari za Stevenson, walowezi au wahandisi wa Kichina, naona maswali hayo mawili yalitosha kuwapima wote. Barabara ya Stevenson haikukaa. Mlowezi alikaa, lakini hakuzika pamoja na jirani yake. Wachina walilala kwenye mahema na Watanzania na Wazambia, na baadhi yao wamezikwa katika ardhi ya Afrika. Nadhani ndiyo maana wazee wa huku wanawataja kwa sauti tofauti, hata pale treni inapochelewa siku nzima.

Sasa wanakuja wageni wapya. Septemba 2024, jijini Beijing, hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA ilisainiwa mbele ya Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi. Bei ya viwanja kandokando ya reli imeshaanza kuwa mada ya vijiweni. Vijana wa Dodoma na Dar wananipigia simu: "Kaka, nitafutie ekari kumi, nitakutumia hela." Siwakatishi tamaa. Udongo ni mzuri, mvua si haba, na kahawa ikipata bei inasomesha mtoto. Ninawaambia tu wapande basi, waje mkutanoni wenyewe, na waje na jibu la swali la yule mzee.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi husikia hapo kejeli kwa mgeni mvivu. Kwa historia ya Songwe mimi nasikia ukarimu, kwa sababu hapa anayepewa jembe ndiye anayehesabiwa kuwa atabaki.