Kinyota Mbele ya Kataba

Neno la Kiswahili hubadilika kichwani. Mkataba ukiongezeka unakuwa mikataba, kiapo kinakuwa viapo, mdhamini akipata mwenzake wanakuwa wadhamini. Mkia unabaki palepale. Nimekula riziki yangu kwa kupiga chapa maneno hayo kwa zaidi ya miaka thelathini, jirani na mahakama hapa Tanga. Nilipoanza kutafuta mafaili kwa majina ndani ya kompyuta ndipo nilipotambua kwamba mashine hizi zilibuniwa na watu ambao maneno yao hubadilika mwishoni. Mwingereza akitaka wingi huongeza herufi mkiani, na mwanzo wa neno lake hautikisiki. Mengi yaliyonisumbua kazini yametoka hapo.

Nilianza na taipureta. Kila hati ilipigwa na karatasi mbili za kaboni, nakala ya mwisho ikaingia kwenye kabati la chuma, na daftari kubwa likaandikwa tarehe, namba na jina la mteja. Mtu akirudi baada ya miaka mitano, ulimuuliza kwanza: ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada yake? Kwa daftari lile tulitafuta siku, na siku ndiyo iliyotuonyesha hati.

Mwaka 1993 wakili niliyekuwa nikimfanyia kazi alileta kompyuta. Vijana wa leo hawajui jinsi jambo hilo lilivyokuwa zito. Serikali yetu ilikuwa na kompyuta mapema, ya kwanza ikiwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo nchini ukapigwa marufuku. Kwa hiyo mtu wa rika langu alisoma, akamaliza shule, akajifunza kupiga chapa na kuajiriwa bila kuiona kompyuta hata moja. Ile ya wakili ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

Ndani yake kulikuwa na mfumo endeshi wa DOS na programu ya kuandikia iitwayo WordPerfect 5.1. Ukibonyeza F5 kisha Enter ilitokea orodha ya mafaili, na chini ya skrini kulikuwa na vitendo vyenye namba. Herufi N ilikuwa ya kutafuta jina. Ukiandika M, mstari wa mwanga unaruka hadi faili la kwanza linaloanza na M. Ukiongeza K, unaruka tena. Niliipenda sana, na sikutambua upesi kwamba tayari ilikuwa inanilazimisha kukumbuka vichwa vya maneno, wakati mimi nilikuwa nakumbuka mikia.

Majina yenyewe yalikuwa na nafasi nane, nukta, kisha tatu. Kipimo hicho Microsoft haikukibuni. Gary Kildall alikuwa amekitumia katika mfumo wake wa CP/M, aliouanza mwaka 1974. Tim Paterson wa Seattle Computer Products alipoandika mfumo wake mwaka 1980 aliufuata mtindo wa CP/M, na Microsoft ikaununua mfumo huo mwaka uliofuata ukawa MS-DOS. Mdhamini ana herufi nane, akaingia. Wadhamini wana tisa, wakakatwa herufi ya mwisho. Mikataba ina nane kamili, na nakumbuka nilivyofurahi siku nilipozihesabu.

Mwaka 1991, toleo la 5 la DOS lilikuwa limeongeza uwezo wa kuorodhesha folda pamoja na zote zilizomo ndani yake kwa amri moja, DIR ikifuatwa na /S. Kijana mmoja aliyekuwa akija kuitengeneza mashine alinifundisha amri hiyo, pamoja na alama mbili: kiulizo husimama badala ya herufi moja, kinyota badala ya herufi zozote. Nikawaza, basi, taabu imekwisha. Nikaandika kinyota, kisha KATABA, kisha nukta na DOC, nikitaka mkataba na mikataba vije pamoja. Yakaja mafaili yote yenye DOC. Barua, viapo, risiti, kila kitu. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Sikuwa nimekosea. DOS ililiona jina kama vyumba kumi na kimoja vilivyopangwa mstari mmoja, vinane vya jina na vitatu vya mwisho. Ukiandika kinyota, mashine inavijaza viulizo vyumba vyote vilivyobaki upande ule hadi mwisho. Kinyota kikitangulia, vyumba vyote vinane vimekwisha kujaa, na KATABA inayofuata haina pa kukaa. Inatupwa kimya, bila onyo. Kwa mtu anayetafuta mwanzo wa neno na kuacha mwisho wazi hilo halina madhara, naye atafanya kazi maisha yake yote bila kuligundua. Mimi nililigundua siku ya kwanza.

Dawa yangu ilikuwa viulizo. Kiulizo kimoja mbele ya KATABA kilileta mkataba, viwili vikaleta mikataba. Kwa kiapo na viapo kilitosha kimoja mbele ya IAPO, maana ki na vi zina urefu ule ule. Kwa cheti na vyeti nikaweka viwili mbele ya ETI. Niliviandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani karibu na kalenda, na karatasi hiyo ilikuwa, nasema bila aibu, somo langu la kwanza la ngeli tangu darasani.

Baadaye sana nilijifunza kwamba kulikuwa na ukoo mwingine wa kompyuta ambao haukuwa na kasoro hii. Unix, iliyoandikwa Bell Labs huko Marekani, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1971 ilikuwa na programu ndogo iitwayo glob, na kwa programu hiyo kinyota kilikuwa huru kukaa popote: mbele, katikati, nyuma. Kinyota-kataba kingenipa nilichokitaka, miaka ishirini na miwili kabla wakili hajafunua ile mashine yake. Jambo hili bado linaniuma kidogo. Njia iliyotufaa ilikuwepo tangu zamani, lakini iliyotufikia ni ile nyingine.

Niliacha kazi kwa wakili nikafungua steshenari yangu, chumba kimoja, fotokopi moja, kompyuta moja ya mtumba yenye Windows 95. Sitachoka kuisifia ile Windows 95. Ilitoka Agosti 1995, na kwanza kabisa iliyafungulia majina: herufi hadi 255, nafasi zikiruhusiwa. Nikaanza kuandika majina kama watu wanavyosema: Mkataba wa kupanga nyumba Chumbageni. Lakini kilichonigusa zaidi ni kutafuta. Ulibonyeza F3, likafunguka dirisha lenye sehemu ya jina na sehemu ya mahali pa kutafutia, na lenzi ndogo ikazunguka wakati mashine inapekua. Ukiandika kataba, bila kinyota wala kiulizo, ilikuletea kila jina lenye kataba popote ndani yake. Mkataba na mikataba vikaja pamoja kwa mara ya kwanza. Nikaondoa karatasi ukutani.

Windows XP ya mwaka 2001 ilileta mbwa wa katuni aliyekaa pembeni ya dirisha akingoja, na wateja wenye watoto walimpenda. Mimi niliyapenda zaidi maneno yaliyokuwa juu ya kisanduku, yaliyomtaka mtu aandike jina zima au sehemu ya jina. Sehemu yoyote! Kwa miaka ile yote, kutafuta kwangu kulifuata Kiswahili changu, ingawa aliyeiandika programu hiyo hakutuwaza sisi hata kidogo. Ilikuwa polepole, ndiyo. Ilipitia faili moja baada ya jingine, na mteja alipata muda wa kuagiza kahawa akainywa. Lakini haikupita jina bila kulitazama lote.

Hapohapo katikati, mwaka 2004, walimu na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Niliitumia kwa fahari. Folda ikawa kabrasha, na nikajifunza maneno ambayo sikuwahi kufikiri yatakaa kwenye skrini. Kazi ile ilifasiri vitufe, na ilikuwa kazi kubwa. Namna mashine inavyolipekua neno ilikuwa ndani zaidi, mahali ambapo kamusi ya vitufe haifiki.

Kisha ikaja faharasa. Apple walitangulia na Spotlight, Aprili 2005, na Windows Vista ikafuata mwanzoni mwa 2007. Wazo lake ni zuri: badala ya kupekua mafaili kila unapouliza, mashine inayapekua mapema, inakata majina kuwa maneno, inayapanga maneno hayo kwa alfabeti, na ukiuliza inafungua ukurasa unaohusika tu. Jibu linakuja kabla hujainua kidole. Lakini orodha ya alfabeti ina sharti lake. Ili uingie, lazima uwe na herufi za mwanzo. Kwa mwenye mwanzo, mlango uko wazi. Mwenye mkia mkononi hana pa kuingilia.

Waandishi wa kamusi zetu walikutana na sharti hilo kabla ya faharasa hizi za kompyuta. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, majina yaliyotokana na vitenzi yamekusanywa chini ya mzizi, ili mpishi akae nyumba moja na pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyapanga majina kwa herufi yanayoanzia, mpishi kwenye M. Msomaji anayejua lugha hupata njia katika zote mbili kwa sababu anaweza kulivua neno kiambishi chake akilini. Faharasa ya kompyuta haikufundishwa kuvua.

Nilihamia Windows 7 mwaka 2013, nikabeba folda zangu zote. Mwaka uleule alikuja mzee mmoja wa Pongwe. Alitaka nakala ya mkataba wa kuuziana shamba la minazi, ile iliyotiwa saini na dole gumba, niliyoiskani dukani mwaka 2009. Mpwa wake alikuwa amempeleka kwenye baraza la ardhi na nakala yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Hati iliyoskaniwa ni picha. Mashine haikusoma herufi zilizomo, hivyo tulikuwa na jina la faili tu.

Msaidizi wangu aliandika mkataba. Yakaja mafaili kurasa kwa kurasa, na tukayafungua moja moja, hakuna la kwake. Akaandika kuuziana. Hakuna. Akaandika muuzaji. Yakaja mawili, ya watu wengine. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini, hasemi neno, na kila tulipofungua picha aliinua macho.

"Mama, haipo," kijana akaniambia kwa sauti ya chini.

"Andika kinyota kwanza, mwanangu. Halafu uz, halafu kinyota tena."

"Uz tu?"

"Uz tu."

Uz ndiyo kiini cha kuuza, na haiondoki hata ukilipindua neno vipi. Kinyota kikitangulia, mashine hulazimika kuyapitia majina mazima, na ilileta mambo mengi yasiyotuhusu, vyeti vya kuzaliwa, barua za wauguzi, maombi ya ruzuku. Na katikati yake: Mikataba 2 mauziano minazi Pongwe. Nilikuwa nimeiskani mikataba miwili kwa pamoja, nikaandika wingi. Mkataba haukuiona mikataba, na kuuziana hakukuyaona mauziano, ingawa mzee alikuwa ametaja neno sahihi kabisa tangu alipoingia mlangoni.

Ile kasoro ya DOS ya mwaka 1993 na hii ya 2013 si moja. Ya kwanza ilitokana na ufinyu wa vyumba kumi na kimoja, ya pili na tamaa ya kasi. Lakini zote mbili ziliegemea upande mmoja wa neno, na hii ya pili ilijibu "hakuna" pale ambapo jibu la kweli lilikuwa "sikutazama huko." Jibu hilo ndilo linalonikera hasa, kwa sababu mteja huliamini. Ni watu wangapi wametoka kwenye steshenari wakiambiwa hati yao imepotea, nayo imelala kwenye folda kwa wingi wake?

Siku hizi natumia programu iitwayo Everything, aliyoiandika David Carpenter na kuitoa mwaka 2008. Haina mbwa wala lenzi. Inasoma daftari ambalo diski yenyewe huliweka, lenye jina la kila faili, inayashika majina hayo yote kwenye kumbukumbu, na ukiandika inayapitia mazima, mwanzo hadi mwisho, kwa kasi inayokaribia ile ya faharasa. Maana yake ni kwamba imerudi kwenye tabia ya Windows 95, sehemu yoyote ya jina, bila kumchelewesha mteja. Msaidizi wangu wa sasa ameikuta ikiwa hivyo na haoni cha ajabu. Akifika kwenye kat tu, mikataba na mikate ya harusi ya mtu fulani imekwisha kujipanga kwenye skrini.

Mzee wa Pongwe alichapishiwa nakala tatu. Hakuanza na maandishi. Alishuka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa wa pili, akaweka kidole juu ya dole gumba la marehemu kaka yake, akakaa hivyo kidogo, kisha akauliza kama tunaweza kumchapishia ya nne, ya kuweka nyumbani.