Uundaji wa bunduki nusu otomatiki (sheria, Arusha)

Uundaji wa bunduki nusu otomatiki, yaani ile inayojijaza risasi yenyewe lakini hutoa moja tu kila kifyatulio kinapovutwa, ni kosa la jinai kwa mkazi wa Arusha asiye na leseni ya kuunda silaha. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Tanzania iliitia saini, inazitaka nchi ziwakataze raia kabisa kumiliki bunduki za namna hii. Ndani ya nchi inatumika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyofuta ile ya 1991.

Neno lenye uzito hapa ni kuunda. Wengi hudhani ni kufua chuma kuanzia mwanzo, kumbe hata kuunganisha vipande bila kibali ni kuunda, na mtutu au fremu pekee huhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyodhibitiwa. Nchini Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu raia asiyezuiwa kumiliki silaha ajitengenezee bunduki yake mwenyewe. Kijana wa Sakina au Usa River, mkoani Arusha, anayefuata mwongozo wa huko anajitia hatarini bure. Makosa mengi ya silaha Tanzania hushtakiwa kama uhujumu uchumi, na kesi zake huhitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Silaha ya kujiundia iliyozoeleka nchini ni gobore, linaloshindiliwa baruti mdomoni. Wakulima wamelitumia kufukuza wanyama waharibifu na majangili kuwinda. Uzee wake haulihalalishi. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha ambapo mwenye silaha isiyo na kibali huisalimisha polisi au kwa viongozi wa mtaa bila kushtakiwa.

Udhibiti wenyewe una historia chungu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuwafikia Waafrika, huku wakoloni wakibaki nazo. Baada ya wamisionari wawili kuuawa Akeri, Meru, Oktoba 1896, majeshi ya Kijerumani yaliwaadhibu Wameru na Waarusha kwa silaha hizo, kisha ikajengwa Boma ya Arusha, ambayo leo ni makumbusho.

Umiliki halali unawezekana, hasa wa bastola, bunduki ya marisau na bunduki ya kuwindia. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, hupita kamati za ulinzi na usalama, na polisi huwa na rejista. Wageni wa uwindaji wanaopitia Arusha huingiza silaha kwa kibali cha muda. Kwa nyati au simba huhitajika bunduki ya kipenyo kisichopungua inchi .375, na bunduki za kujijaza zenyewe haziruhusiwi mawindoni.

Leseni ni ya mtu, haifuati bunduki. Mwenye silaha akifariki, familia huipeleka kituo cha polisi, na mrithi anayeitaka huanza maombi upya kwa jina lake.