Sekunde 21 za Natanz

Baba yangu aliendesha pampu za maji kwa miaka mingi. Kila alfajiri, kabla ya kutazama geji, alisimama mlangoni akasikiliza. "Geji inaweza kukwama," aliniambia, "lakini mngurumo haudanganyi." Nilimkumbuka nilipokuwa nikisoma historia ya kirusi cha Stuxnet kwa ajili ya tasnifu yangu.

Natanz ni kituo cha Iran kilichotumika kurutubisha madini ya urani. Humo kulikuwa na maelfu ya mashinepewa, mitungi iliyozunguka kwa kasi ya ajabu. Mitambo hiyo haikuunganishwa na intaneti, kwa hiyo kirusi kiliundwa kiweze kusafiri hata kwa flashi. Kilitafuta vidhibiti vya Siemens vya aina maalumu. Kompyuta isiyohusika nayo kiliingia, lakini hakikuharibu mtambo wowote.

Toleo lake la awali lilikuwa na hila moja. Lilirekodi vipimo vya sekunde 21 mambo yakiwa shwari, kisha likafunga vali ili shinikizo la gesi lipande. Wakati huo skrini zilirudia zile sekunde 21, tena na tena. Toleo la baadaye liliamuru mwendo upande kutoka mizunguko 1,064 kwa sekunde hadi 1,410, kisha ushuke hadi 2. Watafiti wanakadiria kuwa mashinepewa 1,000 hivi ziliharibika.

Juni 2010 kampuni ndogo ya Belarus ilikigundua, baada ya kompyuta ya mteja wake nchini Iran kujizima na kujiwasha bila kukoma. Kilikuwa kimeshaenea nchi nyingi. Mwaka 2012 gazeti la New York Times liliandika kuwa ni kazi ya Marekani na Israel, iliyoanza chini ya Bush na kuendelezwa na Obama. Hakuna serikali iliyokiri rasmi.

Nilianza tasnifu nikiisifu silaha hii: mitambo iliharibika, hakuna bomu lililodondoshwa. Nilipomsimulia baba, hakuuliza nani alishinda. Aliuliza, "Wale wa zamu walimwambia nini bosi wao?"

Niliifuta sura ya kwanza, nikaanza upya na swali lake. Baba amestaafu. Pampu zake sasa zinaendeshwa kutoka chumba chenye kiyoyozi, mbali na mngurumo, na kijana aliyepo zamu hutazama skrini tu.