Mashine ya Mawimbi ya Ubongo na Degedege la Watoto

Ni nani kati yetu asiyejua degedege? Mtoto amelala na homa. Usiku mwili unawaka moto, macho yanageuka, mikono na miguu inakakamaa na kutukutika. Mama analia, akidhani mtoto amekwisha kufa. Baada ya dakika chache mtoto anatulia na kulala. Lakini kesho yake swali moja limebaki moyoni mwa wazazi: Je, mtoto wetu ameshikwa na kifafa?

Swali hilo ni la watu wote. Hippokrate, mganga wa Wayunani, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba homa kali huwaletea watoto wadogo mitukutiko kwa urahisi kuliko watu wazima. Lakini siku zile hakuna aliyeweza kujua mambo yanayotendeka ndani ya kichwa. Basi, tusikilize habari ya mashine iliyofungua dirisha hilo, na jinsi madaktari walivyojifunza pia mpaka wake.

Mwaka 1875, huko Liverpool katika Uingereza, daktari Richard Caton alitambua kwamba ubongo wa sungura na kima hutoa nguvu ndogo ya umeme. Baadaye, katika mji wa Jena, Ujerumani, alikuwako daktari Hans Berger. Alipokuwa kijana askari alianguka kutoka farasi, akakaribia kusagwa na gurudumu la mzinga. Siku ile ile dada yake, aliyekuwa mbali, alishikwa na hofu juu yake, hata baba akapeleka simu kuuliza habari zake. Berger hakusahau. Akaanza kutafuta nguvu ya ubongo, akidhani kwamba labda ndiyo inayopeleka mawazo mbali. Nguvu ya namna hiyo hakuiona. Lakini mwaka 1924 alifaulu kuandika katika karatasi mawimbi ya umeme ya ubongo wa mtu. Alingoja miaka mitano, akapima tena na tena, hata mwana wake mwenyewe, ndipo akatangaza mwaka 1929. Kipimo hicho kinaitwa elektroensefalogramu. Hakichomi, hakiumizi: vipande vidogo vya madini huwekwa juu ya ngozi ya kichwa, na mashine inaandika.

Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1934 wataalamu wawili wa Cambridge, Adrian na Matthews, walipima wenyewe wakaona ni kweli. Mwaka uliofuata, huko Boston katika Marekani, Gibbs, Davis na Lennox walionyesha kwamba watoto wenye aina moja ya kifafa, ile ya kuduwaa kidogo na kupotewa na fahamu, wana wimbi la pekee linalorudi mara tatu kila sekunde. Furaha ikawa kubwa! Sasa kifafa kilikuwa na alama inayoonekana kwa macho.

Basi madaktari wakasema: Tuwapime pia watoto wa degedege la homa, tujue nani atapata kifafa na nani hatapata. Je, walifaulu? La. Siku za kwanza baada ya degedege, watoto wengi walikuwa na mawimbi mazito, ya polepole. Kisha yalipotea yenyewe. Wengine walionyesha alama kama za kifafa, lakini wakakua bila kifafa. Huko Copenhagen, Frantzen na wenzake waliwafuata watoto zaidi ya 200, na mwaka 1968 wakatangaza kwamba kipimo hakikuweza kutabiri.

Jibu halikutoka katika mashine, lilitoka katika subira ya kuhesabu. Mwaka 1976, Karin Nelson na Jonas Ellenberg wa Marekani walitoa habari za watoto 1,706 waliopata degedege la homa, wakafuatwa mpaka umri wa miaka saba. Katika kila watoto 100, wawili tu walipata kifafa. Walioonyesha hatari zaidi ni wale waliokuwa na kasoro ya ubongo au ya kukua tangu mbele, wale ambao degedege lao lilikuwa refu, au la upande mmoja wa mwili, au lilirudi siku ile ile, na wale wenye kifafa katika jamaa. Haya yote mama anaweza kuyaeleza kwa mdomo wake.

Kosa la kuogopa mno lilikuwa na bei yake. Watoto wengi walinyweshwa dawa ya fenobarbitali kila siku, miaka mizima. Mwaka 1990 uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa hiyo walishindwa na wenzao katika vipimo vya akili, na degedege halikupungua. Kwa hiyo mwaka 1996 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliagiza: mtoto mzima, aliyepata degedege fupi la homa mara ya kwanza, asipimwe mawimbi ya ubongo. Mwaka 2011 kikasema vile vile. Mashine inabaki na kazi yake kwa mtoto anayetukutika bila homa, au ambaye degedege lake si la kawaida.

Basi sisi tushike nini? Mlaze mtoto kwa ubavu. Usimtie kitu mdomoni, wala kijiko, wala dawa. Tazama saa: likipita dakika tano, au mtoto asipoamka vizuri, kimbia hospitali. Na hata likiisha upesi, mpeleke siku ile ile, maana kwetu homa hiyo yaweza kuwa malaria, au ugonjwa wa utando wa ubongo. Huko swali la kwanza halihusu mawimbi. Ni hili: Homa hii imetoka wapi?