Bledi ya trekta na wahunzi wa Ugweno

Mvua kubwa ikinyesha Upare, milima huteremsha mchanga na tope hadi Hedaru, mashambani na mifereji ikiziba. Trekta la kulimia hupatikana. La kusukuma tope ni shida. Njia ya fundi ni kuiunda bledi mwenyewe: bomba pana la chuma hupasuliwa kwa urefu, nusu yake ikawa bledi, na makali yakatoka kwenye springi za lori kuukuu. Mikono ya kusukumia haifungwi kwenye ekseli ya mbele, maana itapinda. Hupitishwa chini ya trekta hadi ekseli ya nyuma.

Wengine huita kazi hii kuungaunga. Neno hilo linanikera. Kaskazini mwa milima hiyohiyo, Ugweno, ukoo wa Washana uliyeyusha chuma kutoka mchanga wa vijitoni, ukafua majembe na silaha, na Wachaga wakavinunua kwa mifugo. Ufundi huo ulikuwa mamlaka. Masimulizi aliyoyakusanya Isaria Kimambo, yaliyotoka kitabuni mwaka 1969, yanasema Washana ndio waliotawala hadi Wasuya walipowapindua. Wakabaki na mivukuto, kiti kikaenda.

Baadaye majembe ya viwanda vya Ulaya yalizima tanuri. Kufua hakukufa, mhunzi aligeukia chuma kilichoyeyushwa kwingine, kama fundi wa springi anavyofanya leo. Kilichopotea ni hatua ya kwanza. Ugweno mchanga ulichotwa ukawa jembe. Hedaru unasukumwa kando ya mfereji.